Jua Liwe Mgongoni

Mbao ya saiprasi ikipigwa randa hutoa harufu inayokaribia ya limau, kisha nyuma yake huja nyingine, nzito, ya utomvu, inayokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Harufu hiyo ndiyo iliyonilea. Baba yangu alikuwa seremala Laini Saba, Nairobi. Karakana yake ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, karibu sana na reli, na nyuma yake palikuwa na nyumba yetu, vyumba viwili vya udongo tulivyopanga kwa mama mmoja wa Kinubi aliyekaa Makina. Treni ya Kisumu ilipopita kila kitu kilitikisika, na Baba alikuwa amezoea kuinua randa yake kidogo, akangoja, kisha akaendelea pale alipoachia. Vumbi la mbao liliingia kwenye chai, kwenye ugali na kwenye nywele zetu. Mama alilalamika kila siku, na kila siku alilichota lile lile vumbi kwenda kuwashia jiko. Siku hizi nikiona karakana ya seremala mbele yangu huwa navuka barabara. Watu wangu wanadhani vumbi linanisumbua kifua, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Kamera iliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya sabuni. Dada yangu Kageha, aliyenizidi miaka minne, alikuwa na ugonjwa wa kuamini kila kilichosemwa redioni. Kampuni moja ya sabuni ilipotangaza shindano, kwamba ukusanye karatasi za kufungia sabuni uzitume na jina lako, sisi wengine tulisikia tangazo tu, lakini yeye alisikia ahadi. Alianza kuzunguka ploti yetu, kisha ploti za jirani, mpaka kule mtoni walikofulia nguo. Wanawake walimcheka. "Kageha, ukipata hiyo baiskeli utanibeba nikienda soko?" Lakini walimwekea karatasi, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuombwa kitu akakimbia kukileta kabla hujamaliza kusema. Baba alisema hao watu wa mashindano walitaka stempu za watu tu. Siku jina lake liliposomwa redioni, msomaji akilitafuna kama mfupa, Baba aliacha msumeno katikati ya ubao na ploti nzima ikapiga vigelegele. Zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli na ya pili redio. Yake ilikuwa ya tatu, kamera mpya ndani ya boksi lake, na filamu moja ya picha kumi na mbili.

Ilikuwa kitu chepesi, cheusi, cha plastiki, chenye kamba ya kuvaa shingoni na kidirisha kidogo cha kuchungulia. Ndani ya boksi palikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, na mchoro wa mtu aliyeshika kamera huku jua, lenye miale kama ya kuchorwa na mtoto, likiwa nyuma yake. Kageha alikuwa wa kwanza katika Kiingereza darasani kwao, kwa hiyo alitusomea na kututafsiria tukiwa tunakula. Maelezo yalikuwa mengi, lakini lililoshika kichwani mwake lilikuwa moja: jua liwe mgongoni mwa anayepiga. Alilisema kama amri ya kanisani. Kwa wiki nzima alikuwa akisimama uani na kamera isiyofyatuliwa, akigeuka na jua asubuhi na jioni, akituamuru tusimame hapa na pale. Mama akamwambia, "Wewe sasa umekuwa kama ua la alizeti." Hakujali.

Inafaa nieleze kwamba wakati ule picha haikuwa kitu cha mchezo. Ulikwenda studio mjini, ukasimama mbele ya pazia lililochorwa maua na ngazi, ukaambiwa usipumue. Nyumbani kwetu palikuwa na picha moja tu, ya Baba na Mama siku walipofunga ndoa, wote wawili wakiwa na sura ya watu waliokamatwa. Mimi na Kageha hatukuwa tumewahi kupigwa picha hata siku moja. Kule Maragoli, Guku, ndivyo tunavyomwita nyanya, yule aliyemzaa Baba, alikuwa amemwona Kageha mara moja tu, akiwa bado ananyonya, kabla hatujahamia Nairobi kabisa. Kila mtu aliyetoka nyumbani alileta swali lile lile kutoka kwa Guku: huyo msichana anafanana na nani? Baba alikuwa akijibu kwamba tutampeleka Krismasi. Krismasi zikapita, na nauli ya watu wanne si jambo dogo.

Basi Baba akaamua kwamba Jumapili, baada ya ibada, twende kwa miguu mpaka Kawangware kumtembelea dada yake, Senje Ronika, na njiani tupigwe picha za kupeleka nyumbani. Senje ndivyo tunavyomwita shangazi. Jumamosi Mama alimfunga Kageha nywele kwa uzi mweusi, vishungi vikasimama kichwani kila upande kama antena, na Kageha akakaa bila kulia ingawa Mama alikuwa na mkono wa kuvuta. Alivumilia kwa sababu alikuwa na mpango. "Ya mwisho ni yangu," alimwambia kila mtu. Zote nyingine atapiga yeye, maana ni yeye aliyejua mambo ya jua, lakini ya mwisho Baba angempiga yeye, kwa Senje, kando ya migomba, na hiyo ndiyo ingekwenda kwa Guku. Nami nilimwonea wivu, kwa sababu nywele zangu zilikuwa fupi hazishiki uzi.

Sijui kama nimewahi kuwa na siku nzuri kama ile. Mama alikuwa ameazima viatu vyeupe vya kisigino kwa jirani, vidogo kuliko mguu wake, akaapa kwamba havimbani. Baba alivaa koti la suti na kuvuta mkono wa koti juu ili saa ionekane, na Kageha akampiga mbele ya karakana, kando ya kabati ambalo lilikuwa bado halina milango. "Baba, cheka kidogo." "Nicheke nini? Watasema nimekuja Nairobi kucheza." Kisha akatupanga mimi na Mama kwenye reli, mimi nimesimama juu ya chuma na Mama amenishika bega. Wavulana wa pale wakatuzunguka. "Siste, tupige foto moja tu! Moja tu, siste!" Kageha aliwafukuza, akarudi, akawaangalia walivyojipanga wenyewe wamebana mikono mbavuni, akashindwa, akawapiga. Mama akamwambia kwa namna hiyo filamu itaishia Makina. Tukafuata reli tukipita vishamba vya mahindi na sukumawiki, tukapanda mpaka Ngong Road, na kila palipokuwa na kitu kizuri Kageha alitusimamisha, akatafuta jua liko wapi, akaligeuzia mgongo.

Karibu na Jamhuri palikuwa na ua wa nyumba kubwa, umefunikwa na maua ya zambarau kuanzia juu mpaka chini. Wakati ule ilikuwa desturi yetu watu wa vichochoroni, kwa aliyebahatika kupata kamera, kupigwa picha mbele ya maua ya wenyewe. Tulipoanza kujipanga, soja wa geti akatoka na rungu lake. "Nyinyi! Mnafanya nini hapo kwa maua ya watu?" Baba akaanza kueleza, akitaja hata kanisa letu, lakini yule soja alikuwa ameshaona kamera, na sauti yake ikashuka. Alikuwa kijana wa kutoka upande wa ziwa, koti la kazi likimfika magotini. "Sasa na mimi, mtanipiga?" akauliza. "Mama yangu hajui kama nilipata kazi." Mama alimvuta Kageha pembeni akamnong'oneza kwamba picha zinaisha. Kageha akasema, "Lakini Mama, mama yake hajui." Akamsimamisha chini ya mti, kwa sababu hakuruhusiwa kuliacha geti, na hiyo ikawa picha pekee ambayo hakujali jua. Soja akasema atakuja Laini Saba kwa fundi seremala kuichukua. Hakuja, na kwa miaka mingi sura yake ilikaa ndani ya nyumba yetu kana kwamba ni mjomba.

Pale pale Baba alinyoosha mkono. "Lete, nikupige na wewe, maua haya ni mazuri." Kageha akarudi nyuma ameikumbatia kamera. "Baba, wewe ukipima ubao unapima mara mbili, unatoka, unarudi kupima tena. Jua litaondoka. Mimi ni ya mwisho." Baba akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilikuwa na kipande cha muwa nilichonunuliwa tulipofika Ngong Road, sikufikiria chochote isipokuwa muwa.

Senje Ronika alikaa Kawangware, kule basi la 46 lilipogeuzia. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akifua nguo za watu Lavington, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwa na chumba kimoja, migomba michache nyuma, na sanduku la mbao ambalo Baba alimtengenezea alipokuja mjini. Alituchinjia kuku. Tulikula mpaka Baba akafungua kifungo cha suruali, na jua lilipoanza kulala Kageha akasimama, akasema sasa ni zamu yake. Senje akamtolea mkufu wake wa shanga nyekundu. Alijipaka mafuta miguu ikang'aa, akachagua mgomba, akamwonyesha Baba pa kusimama, akachora mstari chini kwa kisigino ili asisogee. Kisha akaona afadhali aende mwenyewe kwanza kwenye ule mstari, achungulie, ahakikishe mgomba unaingia wote.

Alipogeuka na kamera jichoni, Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amevua vile viatu mwishowe, amekaa kwenye kistuli, miguu amenyoosha, na Senje alikuwa nyuma yake na birika mkononi akisema jambo juu ya suruali ya Baba ambalo sitaliandika. Lazima niseme jambo juu ya Mama. Kwao, alipokuwa msichana, walimng'oa meno mawili ya chini, kama walivyofanyiwa wengi wa rika lake. Mjini watu walimtania, na kwa hiyo Mama hakucheka hadharani bila kuziba mdomo kwa kiganja. Sijui kama nilikuwa nimewahi kuona kicheko chake kizima. Jioni ile alicheka akaegemeza kichwa kwenye tumbo la Senje, mdomo wazi, mikono yote miwili ikining'inia kando ya kistuli, na Kageha akafyatua.

Alipozungusha kile kigurudumu cha filamu, kikakataa. Akakizungusha tena. Baba, aliyekuwa ameshajiweka tayari, akauliza, "Nini sasa?" "Imeisha." "Imeisha namna gani? Si ulisema ya mwisho ni yako?" Kageha akamwangalia Mama, ambaye alikuwa tayari amerudisha kiganja mdomoni, akasema, "Si kitu. Mimi nitapigwa na filamu ingine." Alisema akitabasamu. Lakini mimi nilikuwa karibu naye, na niliona alivyouvua ule mkufu, polepole, akizishika shanga moja moja kabla ya kuurudisha. Filamu nyingine haikununuliwa. Kila mwezi ilikuwa mwezi ujao.

Picha ziliporudi kutoka studio, Baba alikuwa ameshatengeneza fremu zake. Alipima ile picha ya harusi, akakata saiprasi, akapiga msasa, akapaka vanishi, akaziweka zote mezani zikingoja. Lakini ile ya harusi ilikuwa ya studio, ndefu kwa upande mmoja, na kamera ya Kageha ilitoa picha za mraba. Haziingii. Baba akazigeuza huku na huku, akasema fremu haikatwi, kinachokatwa ni karatasi. Na kulikuwa na jambo lingine. Katika kila picha, kasoro ile ya soja, kulikuwa na kivuli chini. Kilianzia ukingoni kikaja mpaka miguuni petu, kivuli cha mtu mwenye viwiko vilivyopanuka na vishungi kichwani. Ndiyo kazi ya jua la mgongoni, na ile karatasi ya Kiingereza haikusema neno juu yake. Mama hakupendezwa. "Hicho kivuli kitoke kwanza," alisema. "Watu wa nyumbani wataniuliza ni nani amelala miguuni kwangu." Kageha ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu, kwa hiyo akachukua mkasi wa Mama wa kushonea, akaweka rula, akakata picha moja baada ya nyingine, akijitania mwenyewe. "Ona vile nimenona. Ona kichwa." Vile vipande vyembamba viliingia kwenye jiko pamoja na vumbi la mbao, na Mama akachemsha chai juu yake. Picha ya mlangoni kwa Senje haikukatwa. Mama aliiona akaisukuma. "Miguu chini, mdomo wazi! Hii isikae kwa nyumba yangu. Mpelekeeni Ronika mwenyewe." Kageha akaipeleka.

Mwaka uliofuata jua lilipatwa na mwezi. Mwalimu alitwambia tusilitazame hivi hivi, na Baba, aliyeogopa watoto wa ploti wasije wakapofuka, alizitoa negativu, ile filamu yenyewe iliyorudi pamoja na picha, akazikata vipande, akampa kila mtoto chake. Tulisimama kwenye reli wote tumeinua nyuso. Kageha alinishikia kipande changu jichoni. Mvua za masika zilipoanza akarudi kutoka shule akisema shingo inamuuma. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alhamisi aliniambia nizime taa ambayo haikuwa imewashwa, na Jumamosi, hospitalini, akafariki.

Baba hakukubali mtu mwingine atengeneze jeneza. Mafundi wenzake walikuja wakakaa chini ya mabati, naye akapiga randa saiprasi kutwa nzima, na treni ilipopita hakuinua mkono kama kawaida yake, akaacha randa ikaruka. Alipima mara moja tu. Nilikuwa mlangoni nikinusa ile harufu, na tangu siku hiyo haijawahi kuwa harufu ya kitu kingine.

Hospitali ilikuwa imeagiza jeneza lisifunguliwe, kwa kuogopa ule ugonjwa. Tulipofika Maragoli, watu wamejaa uani, Guku alikuja akaweka kiganja juu ya mbao, akasema kwa lugha yetu kwamba basi aonyeshwe picha, kwa sababu hakumjua mtoto huyu alipokuwa mkubwa na hawezi kumlilia mtu asiye na uso. Kwetu maiti hulazwa uani na picha yake juu ya jeneza, watu wakipita waone wanayemuaga. Baba na Mama wakatazamana. Tulikuwa na picha ya Baba na kabati, ya wavulana wa reli, hata ya soja wa geti la watu ambaye hatukujua jina lake. Ya Kageha haikuwepo. Ndipo Baba akafungua begi, akatoa ile fremu ya mimi na Mama kwenye reli, akaifunika kwa kiganja nusu yenye Mama, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tena, "Huyu mdogo wake. Wanafanana." Wakaiweka juu ya jeneza. Watu walipita mmoja mmoja, wakautazama uso wangu, wakalia, kisha wakainua macho wakaniona nimesimama pale na gauni langu la shule. Guku aliichukua ile fremu akaikumbatia, akaniomboleza mimi kwa jina la dada yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilitaka kumwambia kwamba Kageha hakuwa hivyo, kwamba alikuwa mzuri kuliko mimi, lakini sikujua mtu husemaje jambo kama hilo. Guku alikaa na picha hiyo mpaka alipokufa, akiamini kwamba huo ndio uso wa Kageha.

Kamera Baba aliifungia ndani ya boksi lake, na siku moja halikuonekana tena, wala hatukuuliza. Tulibomolewa nyumba, tukahama, Baba akaendelea na kazi kwingine mpaka kifua kikamshinda. Ule upande tuliokaa sasa unatazamana na maghorofa ya Nyayo Highrise, na asubuhi kivuli chake hufika mbali. Nilipojifungua msichana, nilimpa jina la dada yangu, kama ilivyo kwetu kumrudisha aliyeondoka, na Mama alimpokea akamwita kwa jina hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lakini uso wa yule wa kwanza ulikuwa umeanza kunitoroka. Mwanzo ilikwenda sauti, kisha pua, kisha siku moja nikajaribu kuyakumbuka macho yake nikapata yangu, yale ya kwenye fremu. Hilo lilinitia hofu kuliko kifo chenyewe. Niliwahi kumwuliza Mama kama na yeye amesahau. Akasema, "Nyamaza," akaendelea kuchambua mchele.

Senje Ronika alifariki mwaka juzi, pale pale Kawangware 46, chumba kile kile isipokuwa ukuta sasa ni wa mawe na migomba imekuwa duka la vocha na mitumba. Mwanamke wa umri wake huwa ameshaweka mwenyewe nguo za kuzikiwa ndani ya sanduku, na sanduku la mwanamke halifunguliwi mbele ya watu akiwa hai. Kazi ya kulifungua ilikuwa ya Mama, wifi yake. Binti yangu Kageha alimmulikia na tochi ya simu. Bawaba zikalia, kifuniko kikainuka, na ile harufu ikatoka, ya limau kwanza, kisha ile nyingine. Nikataka kutoka nje. Lakini Mama alikuwa ameshikilia ukingo wa sanduku, hatazami nguo, anatazama ndani ya kifuniko, ambako Senje alikuwa amebandika picha kwa uji wa unga, kama watu walivyofanya zamani.

Alikuwa Mama mwenyewe, kijana, pekupeku, akicheka na lile pengo lake lote. Na kutoka chini ya picha, kikiwa kimerefushwa na jua la jioni, kilikuja kivuli cha msichana, viwiko vimepanuka, vishungi vya uzi vimesimama, unaweza hata kuvihesabu. Kilikuwa kimevuka uwanja na miguu ya Mama, kikapanda gauni, na kichwa kilikuwa kimelala mapajani mwake. Miaka yote ile tulikuwa tumesema hatuna picha yake.

"Kageha," Mama akasema.

"Eh, Guku?" binti yangu akaitika.

"Si wewe."

Kisha akaketi kitandani kwa marehemu akalia, yeye aliyenikataza kulia tangu Maragoli. "Mimi ndiye nilimwambia akate," alirudia. "Alikuwa kwa zote. Alikuwa kwa zote, na mimi nikamwambia akate." Nilimshika mikono. Ilikuwa kweli.

Simu yangu ina picha maelfu, nami siwezi kukuambia hata nusu yake ni za nini. Kuna sahani za chakula nilichokwisha kula, kuna vidole vyangu mwenyewe, kuna harusi za watu ambao wameshaachana. Binti yangu hujipiga ishirini apate moja, kumi na tisa anazifuta akiwa anatembea. Sisi tulikuwa na kumi na mbili, dada yangu akatugawia zote, mpaka na mtu wa getini, na yake akampa mama yake kwa sababu alicheka. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani mtoto aliumwa shingo Alhamisi akafa Jumamosi. Nasema tu kwamba ningetoa simu hii na kila kilichomo nipate kuona kilichokuwa upande wake wa kidirisha kile, uso wake ukiwa umekunjwa jicho moja.

Tulikitoa kifuniko kwenye bawaba zake, kwa sababu picha isingebanduka bila kuchanika, nacho sasa kinaning'inia kizima ukutani kwa Mama. Lakini kabla ya hapo, siku ile ile, binti yangu aliipiga picha kwa simu yake, akaipanua, akaifuta madoa kwa kidole, uso wa Mama ukang'aa kama wa jana. Alitaka kumfurahisha. Akapiga magoti mbele yake na kumwonyesha. "Guku, cheki. Hii simu inaweza kutoa hii kivuli yote, ubaki wewe peke yako, safi kabisa. Nitoe?"

Mama alimkamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kama ni lazima utoe mtu hapo," akasema, "toa mimi. Huyo wacha."